Kibati cha Pijo ya Melkiori

Pale Gerezani, mtaa wa mafundi wa Dar es Salaam, mtu akitaka kununua gari kuukuu alimtafuta kwanza Kitwana Uwesu. Kitwana hakuwa na haraka. Alikwaruza rangi kwa ukucha pembeni mwa mlango, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole kusikiliza puti ya kuzibia mashimo ilikojificha, akatazama kama vichwa vya bolti vimewahi kuguswa na spana. Kisha akasema, "Hii ndiyo yenyewe," au, "Hapa kuna magari matatu, ndugu yangu." Neno lake lilimaliza ubishi. Ila mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto na watu wakawa wanatupa sabuni mitaroni wasikutwe nazo, neno hilo hilo lilitaka kumpeleka jela.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Afande Marcelino aliingia uani pa gereji, nyuma ya Landrova ya polisi ikikokotwa Pijo 403 ya mwaka 1959. Kitwana aliijua kabla haijasimama. Ilikuwa ya Melkiori, Mchaga mwenye duka la vyombo kule Kariakoo, naye Melkiori alikuwa mahabusu siku ya tano. Mkewe, Mama Euphrasia, alishuka akiwa amevimba macho kwa kulia.

"Ndugu fundi," Afande alisema, "nasikia gari halisi unalijua kwa kunusa tu. Hili mimi nasema limeibwa ng'ambo ya mpaka, likapewa kadi ya gari lililokufa. Hebu tazama kibati hiki cha namba ya chasisi."

Kitwana hakuwa na haja ya kutazama. Alikitengeneza mwenyewe. Miaka tisa nyuma kile cha kiwandani kililiwa na hii hewa yetu ya chumvi mpaka kikapukutika, na Melkiori alitakiwa kupeleka gari kukaguliwa. Mwenye akili zake angeandika barua kwa wanaohusika, akangoja. Lakini nani pale Gerezani aliwahi kuandika barua kuomba kitu anachoweza kukigonga mwenyewe? Kitwana alikata kipande cha sufuria mbovu, akazitoboa namba zile zile za kwenye kadi, nukta kwa nukta, kwa ncha ya msumari. Akajisifu mpaka jioni, jitu zima! Gari lilikuwa halisi toka taa hadi bomba la moshi, na aliyelijua hivyo kuliko wote ndiye aliyelifanya lionekane la bandia.

"Nani alikigonga?" Afande aliuliza.

Kitwana alipiga hesabu. Akisema, amejipeleka mwenyewe kwa kughushi, na gereji itafungwa. Akinyamaza, Melkiori atafungwa kwa wizi wa gari lake mwenyewe. Mama Euphrasia alimtupia jicho mara moja tu, akatazama pembeni. Alijua. Siku ile ya msumari yeye ndiye aliyewaletea chai.

"Fundi mmoja wa zamani, Afande," Mama Euphrasia alisema. "Alishakufa."

Uongo ule ulimchoma Kitwana kuliko tusi. Mume wake yuko ndani, na bado mama wa watu anamfunika yeye! Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Afande alifunga daftari. "Basi kazikwa na ushahidi wenu. Mumeo atajieleza mbele ya hakimu."

"Hajafa," Kitwana alisema. "Hajafa, Afande. Ni mimi. Na namba ya kiwandani iko mahali pengine. Niruhusu nichukue tindo nikuonyeshe."

Alifungua boneti. Kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva kulikuwa na kiraka, nacho kilikuwa kazi yake. Bati lilikuwa adimu, kwa hiyo mafundi wa Gerezani walichomelea kiraka juu ya kutu bila kuikata. Namba ilikuwa chini ya kiraka hicho. Kama kutu ilikwisha kuila, Kitwana alikuwa amejikaanga bure, na Melkiori asingepona.

Akagonga. Kiraka kilikatika upande mmoja, kutu ikamwagika kama unga wa mtama. Alipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapaka chaki ili mikwaruzo ijitokeze. Afande aliinama, kadi mkononi, akasoma tarakimu moja moja. Sita zikalingana. Ya saba hakuiona.

"Paka tena."

Kitwana alipaka tena, akapuliza.

"Nane," Mama Euphrasia alisema juu ya bega lao, akaanza kulia upya.

Afande alilinganisha na kadi. "Nane," alikubali. "Gari ni lake. Mumeo anatoka leo, mama. Wewe fundi, panda Landrova."

"Nipe nusu saa, Afande. Masika haya, maji yatamwingia dereva miguuni."

Akachomelea kiraka upya, akiacha dirisha dogo pale penye namba. Kisha akanawa mikono, akapanda.

Afande alikuwa ameshatoa amri kwa redio ya Landrova, na mlangoni pa kituo walikutana na Melkiori akitoka, viatu havina kamba. Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote. Alipomwona fundi wake, uso ukamchanua.

"Kitwana! Na wewe umekuja kunidhamini?"

"Ndiyo," Kitwana akamjibu, akaingia ndani.