Nyuma ya Pazia la Bi Salma

Kwanza niliusikia mkasi. Kachu, kachu, kachu, kutoka ghorofa ya pili ya nyumba moja kuukuu ya Mchafukoge, nami bado niko kwenye ngazi zenye giza, nimeshika buibui la mama. Hata leo nikisikia mkasi ukila kitambaa, namtafuta mtu aliyejificha.

Maana Bi Salma alikata nguo nyuma ya pazia. Wanawake sita, mama yangu mmojawapo, walikwenda kwake kujifunza ushonaji ili wajitegemee. Aliwafundisha kunyoosha mshono, kupinda, kutia zipu. Lakini kitambaa walikipokea kimeshakatwa, na magauni waliyoyashona aliyapeleka mwenyewe Kariakoo kuyauza. Mwezi wa saba uliingia hakuna aliyeshika mkasi.

"Shoga, huyu anatufuga kama kuku wa mayai," alinong'ona Mama Shani, aliyekaa kwenye cherehani ya jirani.

"Wali tunalishwa, jiko hatuonyeshwi," mama akajibu.

Shaka yao ikaniingia na mimi. Bi Salma akinipa kashata, niliinusa kwanza. Akiitikia "Marahaba, mwanangu," nilihisi ujanja ndani yake.

Siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri, mama alipenya nyuma ya pazia. Akatoka na magazeti yaliyokatwa kwa umbo la gauni, akayatia kwenye begi langu la shule. Nilishuka ngazi zile nimebeba mgongo wa gauni katikati ya daftari la hesabu, nikiogopa hata kukohoa.

Mama alikuwa amepata mteja wake wa kwanza, dada mmoja wa Upanga, aliyemletea kitenge cha kuvaa harusini. Mama aliyatandaza magazeti juu ya kitenge, akafuatisha kingo kwa chaki, akakata. Alishona siku mbili akiimba. Alipomjaribisha dada yule gauni, lilikwama mabegani, na harusi ilikuwa kesho yake.

Tulikuwa bado tunalitazama Bi Salma alipobisha hodi nyumbani kwetu. Alikuwa amegundua magazeti yake hayapo. Aliliona gauni, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwizi wa watu wewe! Gazeti langu halina nafasi ya mshono. Hiyo naiongeza kwa jicho. Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuniibia?"

Bi Salma akalifumua gauni, akaomba mabaki ya kitenge, akayalaza sakafuni, gazeti juu yake. Kisha akamkabidhi mama mkasi.

"Vidole viwili nje ya gazeti. Kata."

Mama alikata vipande vya kuongezea pembeni. Gauni likapona.

"Jumatatu niwahi, Bi Salma?"

"Usije kabisa. Anayejua kukata simweki."

Nilimchukia miaka mingi. Mama alipokuja kuwa na meza yake mwenyewe na wateja wake, ndipo nilipoelewa kwamba chumba kile kiliendeshwa na miguu ya wanawake sita waliokanyaga cherehani, na siku ile Bi Salma alikubali kupoteza jozi moja. Ilikuwa huruma, au alikuwa anamwondoa mwizi? Mama anasema huruma. Mimi bado sijakubali.

Siku ile Bi Salma alivaa ndala zake kizingitini, magazeti kwapani, hakugeuka. Mama akaufunga mlango nyuma yake.