Mpini Uliopinda

Clifford Haslam alikuwa mtu wa kupima. Ukimkaribisha chai, anaitazama kwanza meza kama imekaa sawa, na kama haijakaa sawa anakunja karatasi na kuisokomeza chini ya mguu wake kabla hajagusa kikombe. Nilimpenda, nalisema hilo mapema msije mkadhani nina kisasi naye. Lakini mtu wa namna hiyo unampenda huku umekunja uso.

Alizaliwa hapa hapa kwetu Lankashaya, kaskazini mwa Uingereza, mtaa wa nyuma ya viwanda vya pamba. Tangu alipoacha shule mpaka alipostaafu alikuwa kiwanda kimoja, akikereza vyuma vya mashine za kufumia. Hakuoa. Alikuwa akirudi kutoka kukereza vyuma vya tajiri, anakunywa chai, anaingia kwenye banda nyuma ya nyumba na kukereza vyuma vyake mwenyewe hadi sikio la jirani lichoke. Wanaume wetu ndivyo walivyo. Wangu pia ana banda, na nikitaka kuongea naye jambo la maana inanibidi nibebe kikombe cha chai mpaka mlangoni kama mtu anayeomba kazi.

Humo mabandani wanajenga vichwa vya garimoshi. Ni vidogo, kimoja kinaenea juu ya meza ya chakula, lakini si vya kuchezea. Vina boila ya kuchemshia maji, vinakula makaa ya mawe, vinatoa mvuke, na vinavuta watu wazima waliokaa kwenye vigari kama wamepanda farasi. Jumapili huvileta kwenye reli ya chama chao nyuma ya uwanja wa kriketi, na mimi ndiye mpika chai wa chama. Kibanda changu kinatazama reli, kwa hiyo hakuna kinachonipita.

Kujenga kichwa kimoja huchukua miaka, na wapo wanaokufa njiani. Ndiyo maana chama kina desturi yake. Mwanachama akifa ameacha kazi nusu, haiuzwi nje. Mwenzake mmoja huichukua akaimalizia. Ikikamilika, hubandikwa kibati chenye jina la marehemu, na siku ya kuiwasha, mjane ndiye anayevuta mpini wa kufungulia mvuke ili magurudumu yaanze kuzunguka. Nimeona wanaume wazima wakigeukia ua siku hizo, eti moshi umewaingia machoni.

Rafiki yake Clifford alikuwa Norman Entwistle, mwokaji mikate. Huyu alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alikuwa na mikono minene, alicheka na tumbo zima, na kazi yake ya chuma, Mungu amrehemu, ilikuwa ya mtu aliyezoea unga. Kila Jumapili Clifford alikula chakula cha mchana kwa Norman na mkewe Hilda, nyama ya kuoka na viazi na mchuzi mzito, na hapo mezani ndipo walipokuwa wakitaniana.

"Norman, hii ni silinda au ni andazi?" Clifford anauliza, ameishika kwa vidole viwili.

"Andazi mtu anakula akashiba," Norman anamjibu. "Za kwako nani anazila? Wewe ukioa, bwana, mkeo utampima unene kila asubuhi umwambie leo umezidi."

Hilda anacheka mpaka anaweka uma chini, na Clifford naye, ambaye kwingine kote hakuwa mtu wa kucheka, anacheka.

Norman alianguka kazini, mikono ina unga, na hakuamka. Alikuwa ameacha garimoshi lake limesimama juu ya magurudumu, boila imekwisha, silinda zimefungwa, bado mabomba na vitu vya juu. Baada ya mazishi Hilda alimwita Clifford jikoni. Nilikuwepo, naosha vyombo. Alimwambia maneno ambayo hayakuwa mengi.

"Imalizie, shemeji. Nataka niione kazi ya Norman ikitembea. Ikitembea mara moja tu, mimi nimeridhika."

Clifford alisema ataimalizia, tena ataimalizia vizuri. Hilo neno la mwisho ndilo lililotuponza.

Alianza na bolti moja. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa upande, na mtu yeyote wa chuma angeibadilisha. Halafu akaona nati zilizofuata hazifanani. Halafu gurudumu moja lilikuwa linayumba kidogo, na ukibadilisha moja huwezi kuacha jingine, kwa hiyo akakereza yote upya. Silinda alizitoboa Norman kwa jicho. Clifford alizipima, akatikisa kichwa, akatengeneza mpya. Kila alichofanya, ukikitazama peke yake, kilikuwa na sababu. Hapo ndipo shida ilipo na watu wenye sababu.

Boila ndiyo iliyonikera. Desturi yetu ni kwamba boila haiwashwi moto mpaka mkaguzi wa chama aijaze maji na kuyasukuma kwa nguvu mara mbili ya zile itakazobeba. Ikivuja, inarudi bandani. Mkaguzi wetu, Mzee Tattersall, hana huruma. Boila ya mume wangu ameirudisha mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ile ya Norman aliisukuma, akaizunguka na miwani yake, akasema maungio yake yana sura mbaya lakini haitoi hata tone, imepita. Clifford akamshukuru, akaipeleka nyumbani, na akaikata. Akaunda nyingine.

Siku moja nilimpelekea pai ya nyama. Karibu na mlango wa banda kulikuwa na ndoo ya vyuma chakavu, na nilipoinama nikaona vitu ninavyovijua, maana Norman alikuwa kila akimaliza kitu anakileta kwenye kibanda changu kujisifu. Juu kabisa ulikuwepo mpini wa mvuke, kipande cha chuma kirefu kama kijiko, kimepinda katikati kuelekea kushoto.

Nikamuuliza, "Cliff, huu si wa Norman?"

"Ulikuwa umepinda," akasema, hajainua macho.

"Hilda anajua unavitoa?"

"Hilda anataka itembee, dada Doreen. Itatembea bila kosa hata moja. Norman anastahili hilo."

Nikamwambia kuna watu wanaofua shati mpaka linabaki kola. Akaniambia niweke pai juu ya jiliwa lake la kubania vyuma, na niangalie isimwagike mchuzi. Sikio la kufa halisikii dawa. Majira ya kuchipua mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na gari lake, akaichukua ndoo. Vile vya shaba Clifford alikuwa ameshaviyeyusha mwenyewe, akavimimina tena kuwa vitu vipya.

Garimoshi likaisha. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile kwenye reli yetu, na sisemi hivyo kwa upendeleo. Rangi ya kijani kibichi, ukingo mweusi, mstari mwembamba wa njano uliochorwa bila mkono kutetemeka. Wanachama walilizunguka, mikono nyuma, kama watu walioingia kanisa la wenyewe. Ubavuni palikuwa na kibati cha shaba kilichofungwa kwa skrubu mbili, kimeandikwa Norman Entwistle.

Hilda alikuja na koti lake la kwenda kanisani, amejipaka rangi ya mdomo. Upepo ulikuwa baridi ingawa ni Mei. Mvuke ulikuwa umeshapanda, na lile garimoshi lilikuwa linanguruma polepole. Clifford alimletea kiti kifupi ili aweze kufikia ndani, akamwonyesha mahali pa mpini, akarudi nyuma hatua chache. Nilimwona anavyomtazama. Alikuwa anasubiri kumpa mtu zawadi.

Hilda alivua glavu. Aliingiza mkono taratibu, akaushika mpini, na hakuvuta. Dole gumba lake lilikuwa linapanda na kushuka juu ya kile chuma, linatafuta kitu. Akauliza, bila kugeuka, "Ule uliopinda uko wapi?"

"Nimekutengenezea mpya, shemeji," Clifford akasema kwa furaha. "Ule wa zamani ulikuwa umepinda."

"Najua ulikuwa umepinda. Mimi ndiye niliyeupinda."

Akatueleza, akiwa amekaa pale pale. Bandani kulikuwa na baridi kali msimu ule alipoutengeneza, kwa hiyo Norman alifanyia kazi mezani jikoni, yeye anapiga tupa upande huu, Hilda anashikilia upande ule kwa kitambaa. Norman akasema upuuzi fulani kuhusu mchungaji, Hilda akacheka akaachia, chuma kikaanguka kikapinda. Alitaka kukinyoosha. Norman akakataa, akasema kiache, kila nitakapoondoka stesheni nitakuwa nimeshika kicheko chako.

Hilda alilitazama lile garimoshi kuanzia bomba la moshi mpaka nyuma, akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa.

"Clifford, kazi ya Norman ni ipi hapa? Nionyeshe nishike hiyo."

Clifford akakaribia. Akanyoosha mkono kuelekea magurudumu, akaurudisha. Akaangalia silinda. Akaangalia boila. Nilikuwa nimeshika birika na nilitamani nimwage maji ili watu wageuke. Mtu yule, ambaye angeweza kukuambia unene wa kila kitu alichokigusa maishani, alikuwa anatafuta kitu kimoja na hakipo, na aliyekiondoa ni yeye.

"Jina," akasema mwishowe.

Hilda akavaa glavu zake. Hakupandisha sauti, na mimi ningependa angepandisha.

"Basi litoe, shemeji. Hii ni yako. Ni nzuri sana, lakini ni yako."

Mume wangu alimsindikiza nyumbani. Moto wa garimoshi ulizimwa na hakuna aliyelipanda siku ile.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake akakaa. Clifford alikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akapekua lundo kwa mikono mpaka vibarua wa pale wakamwonea aibu, lakini mzigo ulikuwa umeshapelekwa kuyeyushwa. Kisha akaanza kutengeneza mpini uliopinda. Kama kuna kitu kilichonivunja moyo ni hicho. Nilimkuta bandani, vipande vimepangwa kwenye benchi, vyote vimepinda kushoto na vyote vimepinda sawasawa. Alijaribu kuviangusha sakafuni. Alijaribu kuvipiga nyundo amefumba macho. Mkono wake haukujua kukosea, na hakuwa na mtu wa kumshikia upande wa pili.

Mmoja alimpelekea Hilda. Hilda alimkaribisha ndani, akamwekea chai, akaushika ule mpini kwa muda mrefu, halafu akamrudishia.

"Huu umepinda kwa makusudi," akamwambia.

Hakumchukia. Aliendelea kumsalimu barabarani na kumuuliza hali ya kifua chake. Ila chakula cha Jumapili hakikurudi, na Clifford hakukiomba.

Naye Clifford ameshazikwa sasa. Hakuacha kazi nusu, kwa hiyo hapakuwa na cha kumalizia. Garimoshi la kijani aliliachia chama, na mume wangu huliendesha siku za sherehe, linakwenda bila kuvuja wala kuyumba. Ubavuni, pale kilipokuwa kibati, pana matundu mawili ya skrubu. Clifford, ambaye hakuweza kunywa chai kwenye meza inayoyumba, aliishi na matundu hayo miaka yote ile akiyafuta vumbi kila Jumapili, na hakuyaziba.