Kulwa, Kurwa na ile dropdown ya zahanati Mkuyuni

Wakuu, wa kuniamkia aniamkie, marahaba. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi siweki.

Naona vijana mnabishana majina yapangwe vipi kwenye dropdown, ile orodha inayoshuka kwenye kompyuta. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini dropdown naijua. Ilitaka kuniulia mtu.

Miaka ya tisini mwishoni, vitu vya nje vinamiminika Mwanza, zahanati niliyokuwa natafutia wagonjwa kadi zao ikaletewa kompyuta. Wiki nzima nikamsomea kadi karani wetu Fabiani, mtoto wa Dar, yeye akaandika.

Akamaliza, akajinyoosha.

"Mama, sasa pumzika. Naandika herufi mbili tu, majina yanashuka yenyewe, yamejipanga A mpaka Z."

"Hongera. Na chai itajichemsha?"

Siku moja akaja Kulwa, binti wa Misungwi, mguu umetunga usaha. Daktari akaandika penisilini. Fabiani akabonyeza K, U, wakashuka Kulwa watatu. Akachagua wa juu.

"Hana tatizo, achomwe."

"Huyo wako ni Kulwa wa wapi?"

"Mama, listi haina mambo ya wapi. Kulwa ni Kulwa."

"Wewe! Huku kila nyumba yenye mapacha ina Kulwa. Utawachoma wote?"

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Binti yule nilimkumbuka: mwaka uliopita penisilini ilimvimbisha uso, pumzi ikamkata.

Nesi alishavuta dawa kwenye bomba. Nikamdaka mkono.

"Fabiani, shuka chini!"

Akashuka, akawapita Kulwa wote, akamkuta Kurwa. Wa Misungwi. Maelezo yake: ASICHOMWE PENISILINI.

"Nani kaandika Kurwa?"

"Wewe. Mimi nilitamka tu."

(Kwetu L na R zinavaa kanga moja, msinicheke.)

Binti akapewa vidonge vingine, akaondoka kwa miguu yake. Kesho yake Fabiani akaweka kijiji kando ya kila jina, na kiti changu kando ya kompyuta.

Nilichojifunza: majina yakiingizwa na watu, search ilete Kulwa na Kurwa pamoja, na mtu aweze kuyapanga kwa kijiji pia. Alfabeti haimjui mgonjwa.

Haya, semeni. Jina lako wewe, kompyuta iliwahi kuliandikaje?