Kipande cha Mbao kwa Mikono Miwili

Mwaka ule nilitaka karatasi kuliko nilivyotaka mume. Maneno hayo si yangu, ni ya mama yangu mzazi, na hakuyasema kwa kunisifu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la kwanza niliyehamishiwa kwenye chumba cha nyuma cha shule moja ya Ibanda, mtaa wa kando ya ziwa, chumba ambacho kabla yangu kilitunza madawati mabovu. Humo nilipewa watoto saba walioshindikana katika madarasa mengine. Mmoja hakuongea, mwingine hakusikia, wawili walitembea kwa shida, na waliobaki walikuwa wamechelewa kwa namna ambayo hakuna aliyejua kuieleza. Karatasi niliyoitaka ilikuwa cheti cha kufundisha watoto wa aina hiyo. Mkurugenzi wa shule alinieleza wazi kwamba mwaka wa shule ukiisha na mwalimu wa chumba kile hana cheti, madawati yatarudi ndani na watoto watarudi kwao.

Kwa hiyo kila Jumatano na Ijumaa mchana nilikwenda kwenye mafunzo. Tulikuwa kumi na mmoja, na aliyetufundisha alikuwa masera mmoja, mtawa wa Kizungu mwenye viatu vya kiume na moyo mwema, aliyetugawia kitabu kinene chenye picha za watoto weupe waliokaa juu ya mazulia. Nilikipenda kitabu kile mpaka nikakivika jalada la kitenge. Sisi tuliosoma kwa shida tuna ugonjwa huo, kuamini kila kilichopigwa chapa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Unamchagua mtoto mmoja, unaandika kwenye fishi, ile karatasi ya mpango wa somo, kitu kimoja ambacho atakuwa amejifunza, kisha unafundisha mbele ya wakaguzi nao wanaona kama amekiweza.

Nilimchagua msichana wa miaka sita. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kidogo, lakini shida hasa ilikuwa mkono wa upande huo. Alikuwa ameukunja ngumi na kuubana kifuani, kidole gumba kimefungiwa ndani. Alisema maneno machache, tena kwa watu wa nyumbani tu. Alilelewa na nyanya yake, mukaka, kama tunavyowaita huku kwetu, mwanamke mfupi aliyeteremka naye kutoka Kadutu, mtaa wa juu mlimani, kila asubuhi akiwa amembeba mgongoni.

Kubebwa huko kulinikera.

"Mukaka, huyu mutoto anaweza kutembea," nilimwambia siku moja. "Ukimubeba kila siku, miguu itajifunza lini?"

"Acha nimubebe, mwalimu," alijibu, akifungua kitenge polepole ili mtoto ashuke bila kuanguka. "Siku atakuwa muzito, nitamushusha."

Nilitikisa kichwa kwa ujuzi wangu mwingi.

Kwenye fishi niliandika kwamba mtoto atapokea kipande cha mbao kwa mkono wa kushoto peke yake na kukitumbukiza katika kopo la maziwa. Kitabu kilieleza njia. Mwalimu anaushika mkono mzima na kuutuliza, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Basi kila asubuhi niliketi mbele yake, nikaushika mkono wake wa kulia kwa upole, nikamnyoshea kipande. Alinitazama. Ngumi ilizidi kujibana. Tulikaa hivyo hadi wote wawili tukatokwa jasho.

Mchana mukaka aliporudi kumchukua, alikuwa na kiazi kitamu kilichochemshwa ndani ya kikapu. Hakumpa hivi hivi. Alikishika mbele ya mtoto na kungoja mikono yote miwili ije, kama inavyompasa mtoto wa kwetu kupokea kitu kutoka kwa mkubwa. Wa kulia ulifika mara moja. Wa kushoto ulijikokota, ukasimama njiani, ukajaribu tena. Mukaka wakati huo alitazama upande wa ziwa na kuimba chini chini, kana kwamba amekisahau kiazi. Ngumi ikifika na kugusa tu mkono wa pili, aliachilia.

Niliyaona hayo zaidi ya mara ishirini, na nilichokiona ni mwanamke anayeniharibia kazi. Mkono wa kulia ulikuwa unamsaidia mwenzake, na kitabu kilikataza kabisa.

"Kuanzia leo," nilimwambia, "kila kitu umupatie mu mukono ya kushoto. Ile moja tu."

Alinitazama kama mtu anayengoja nicheke. "Ya kushoto? Yenyewe peke yake?"

"Ndiyo, mukaka."

"Hata chakula?"

"Hata chakula."

Nilijua nilichokuwa nikisema. Hata mimi nililelewa na mukaka wangu, na mara moja nilipomnyoshea mjomba mkono wa kushoto kupokea ndizi, nilikosa ndizi na nikapata kofi. Kwetu mkono huo ukienda peke yake kwa mkubwa ni tusi, hata kama mwenye mkono ana miaka mitatu. Nilijua, lakini niliyaacha hayo mlangoni kwa sababu hayakuwa kwenye kitabu. Na mukaka, aliyejua kuliko mimi, alitii kwa sababu mimi ni mwalimu.

Baada ya wiki mbili msichana alikuja amejifunika kitenge mpaka shingoni, mikono yote ndani. Nilimpa chaki, hakuitaka. Nilimpa maji, aliangalia chini. Nilipomuuliza mukaka kama mtoto anaumwa, alikaa kwanza kwenye benchi la mlangoni.

"Jumapili tulienda ku matanga," alisema. "Ndugu ya marehemu bwana wangu alikuwa anagawia batoto mahindi ya kuchoma. Huyu akafika, akanyosha ile mukono, kama ulimufundisha. Ilifunguka, mwalimu. Vidole mbili zilifunguka, niliona na macho yangu. Muzee akarudisha hindi. Akauliza mbele ya bantu bote, hii ni mutoto ya nyumba gani. Batoto bakacheka. Tangu siku ile, hakuna mukono inatoka. Hata ile muzima haitoke, namulishia mu kinywa."

Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Wewe ulisoma," aliendelea, bila hasira hata kidogo, na heri angenikaripia. "Mi nilizani unajua."

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu na nusu. Masera aliponisikiliza alinishauri nichukue mtoto mwingine. Tulikuwa na mmoja aliyezijua rangi zote, angefaulu hata amefumba macho. Nilikwenda nyuma ya choo cha shule nikalia, na niseme ukweli, dakika za kwanza nilililia cheti. Ndipo nikakumbuka vile vidole viwili vilivyofunguka mbele ya watu, kwa kuniamini mimi, na kilio kikageuka. Sijawahi kujionea haya kama siku ile.

Jumapili iliyofuata nilipanda Kadutu. Mukaka alinikaribisha kwenye nyumba ya vyumba viwili, akanipa kiti pekee chenye mgongo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini niliposema "Mukaka, nilikosea," iliishia hapo. Aliitikia kwa kichwa, akachagua kiazi kwenye chungu, akaninyoshea. Nilipokea kwa mikono miwili. Msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka, anaangalia mikono yangu. Aliiangalia muda wote niliokula.

"Unamufundishaka namna gani?" nilimuuliza mukaka.

"Mi simufundishe," alisema. "Ninangojaka tu."

Niliomba kipande kingine cha kiazi, si kwa njaa. Nilitaka mtoto aone tena.

Kuanzia Jumatatu hakuna kitu kilichopita chumbani kwangu ila kwa mikono miwili. Chaki, kibao, kikombe cha maji, hata karatasi ya kufutia pua. Wote saba walitoa na kupokea hivyo, na mimi nilipokea kutoka kwao hivyo hivyo. Sehemu ngumu ilikuwa kungoja. Mimi ni mtu wa kumalizia wenzangu sentensi, mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Nilijifunza kutazama dirishani na kuimba chini chini, vibaya, huku mkono umenyoshwa mpaka bega linauma. Siku tano, kitenge hakikusogea. Siku ya sita ulitoka mkono wa kulia. Wiki ya pili ngumi ilichomoza kifuani, ikarudi, ikachomoza tena. Siku ilipomgusa mwenzake nilipiga kelele za furaha, naye akaificha tena mpaka kesho yake. Nilistahili.

Fishi yangu, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupelekwa, na haikubadilishwa. Iliandikwa mkono wa kushoto peke yake.

Wakaguzi walikuja watatu: masera, kijana wa kuandika, na mkubwa wao, baba mnene mwenye koti la abakosti, la kijivu, lililofungwa hadi shingoni. Miaka ile hatukuitana bwana wala bibi, sote tulikuwa citoyen na citoyenne, raia tu. Mukaka alikuwa benchini kwake mlangoni, amevaa vitenge viwili vipya.

Nilianza somo. Kabla sijafika popote, mkaguzi aliinuka, akachukua kipande cha mbao mezani.

"Citoyenne, acha nijaribu mimi mwenyewe," alisema. Alichuchumaa kwa taabu, akamnyoshea mtoto kipande upande wa kushoto. "Wewe shika ile mukono yake ya kuume. Si ni vile iko mu kitabu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Ningeushika, huenda ngumi ingetoka kwa woga na kukigusa kipande, na kugusa kungetosha kuandikwa kwamba ameweza. Msichana aligeuka kunitazama. Sasa alikuwa mbele ya mzee mwingine mwenye kitu mkononi, na watu wanaangalia, na aliyempeleka pale ni mimi tena.

"Hapana, citoyen," nilisema.

Masera alikohoa.

"Namna gani hapana?"

"Tumungoje. Nakuomba, papa, umungoje tu."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwita papa, kama baba wa nyumbani. Labda ndilo lililomfanya abaki amechuchumaa. Tulingoja. Kijana aliacha kuandika. Mkono wa kulia ulitoka, ukasimama hewani, wazi. Mkono wa mkaguzi ulianza kutetemeka kwa uchovu, naye bila kufikiri akaleta wa pili kuutegemeza, akawa anatoa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na watu wa kwao. Mlangoni mtu aliimba chini chini. Ngumi iliondoka kifuani. Ilifika katikati, ikakwama, ikaendelea. Karibu na kipande vidole vinne vilifunguka, gumba likachelewa kidogo, likafuata. Kipande kilitua ndani ya viganja viwili. Msichana akapinda magoti kidogo.

"Aksanti, papa," alisema.

Hakuwahi kumsemesha mgeni tangu azaliwe.

Mkaguzi aliinuka, akapangusa magoti muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Alitushukuru wote na kuondoka.

Barua ilifika siku ya mwisho wa mwaka wa shule. Masera aliileta mwenyewe, hakuniangalia usoni. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Lengo lililoandikwa kwenye fishi halikufikiwa, mkono wa kushoto haukufanya kazi peke yake. Mwalimu hatapata cheti na arudie mtihani mwakani. Chini kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu, mwandiko ule ule wa sahihi ya mkaguzi: chumba kiendelee mpaka hapo.

Nilichoka ghafla. Chumba kimepona, nilijiambia, furahi basi, lakini machozi yalinitoka, kwa kuwa niliitaka ile karatasi, niliitaka sana. Mukaka alikuwa amekuja kumchukua mtoto. Aliniuliza, "Banasema nini?"

"Nimeanguka, mukaka."

Nikainyosha barua pembeni bila kuangalia, kwa mkono mmoja, kama mtu anayetaka kuondolewa kitu. Ilivutwa. Nilipogeuka, msichana alikuwa ameishika kwa mikono miwili, magoti yamepinda. Nilisita kuamini, nikaiomba tena, nikampa tena, safari hii namtazama. Ulikuwa ule wa kushoto uliotangulia. Ulikwenda wenyewe, wazi, ukafika kwenye karatasi kwanza, na wa kulia ukaja nyuma.

"Umeona?" nilimwambia mukaka, nikimshika bega. "Mukaka, umeona? Ya kushoto ndiyo ilitangulia!"

Yeye alikuwa anatazama ziwa, kama kawaida yake.

"Niliona tangu wiki ya kupita," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."