Bwana Geti Aajiri Mlinzi wa Kompyuta

Mume wangu alilinda geti la kiwanda cha sabuni miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hapakutoka hata mche mmoja wa sabuni bila karatasi. Wafanyakazi walimwita Bwana Geti, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Siku aliyostaafu alirudi na kofia yake ya kazi, saa ya ukutani aliyozawadiwa, na daftari jipya la wageni ambalo halijaandikwa kitu. Nikamuuliza daftari la nini. Akasema, "Huwezi kujua."

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilipostaafu, yeye akiwa bado kazini, nikaanza kutunga vitendawili vyangu mwenyewe, vipya kabisa, nikivichapa kwenye kompyuta iliyo kwenye kona ya sebule, kati ya meza ya pasi na kabati la vyombo. Miaka tisa, vitendawili mia tatu. Mume wangu hakuwahi kusoma hata kimoja. Alikuwa akipita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, anasema, "Hongera, Mwalimu," basi, ametokomea. Iliniuma, sitasema uongo.

Kisha mchapishaji akaniandikia kwamba anakitaka kitabu kizima Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine. Nilicheza peke yangu jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Lakini raha haikosi karaha: wiki hiyohiyo nilipeleka flashi kwenye duka la fotokopi, ikarudi na ugonjwa. Kompyuta ikawa inajifungulia matangazo yenyewe. Mara dawa ya kuotesha nywele, mara viatu, mara wachumba.

"Wachumba wa nani?" aliuliza Bwana Geti.

Tukamwita binti wa mdogo wangu, ambaye ana duka la kutengeneza kompyuta. Aliisafisha yote, vitendawili vikasalimika, kisha akatukalisha chini.

"Mama mkubwa, hapa mnahitaji antivairasi nzuri, na faiawoli ipangwe sawasawa. Antivairasi ni askari wa ndani, anawakagua waliokwisha kuingia. Faiawoli yeye yuko mlangoni. Anaamua nani aingie, nani atoke."

Nilimwona mume wangu akiweka kikombe chini taratibu.

"Yaani getini," alisema.

"Ndiyo, baba mkubwa. Getini."

Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kofia kichwani na lile daftari kwapani. Tangu astaafu sikuwa nimemwona akitembea kifua mbele namna ile. Mimi na binti yetu tuliangaliana, tukajiuma midomo tusicheke.

Binti alikuwa na antivairasi tatu za kupendekeza. Mtu mwingine angeuliza ipi nzuri, akaiweka, yakaisha. Bwana Geti alisema hajawahi kuajiri askari kwa kusikia sifa. Kiwandani alikuwa na mtindo wake: anamtuma mtu asiyejulikana ajaribu kupenya, halafu anajificha kuangalia askari mpya atafanya nini. Akataka mwizi wa majaribio. Kumbe yupo! Binti akatueleza kwamba kuna faili dogo lisilo na madhara yoyote, limetengenezwa makusudi ili antivairasi zilidhanie kirusi. Mume wangu alifurahi kama aliyekutana na ndugu aliyepotea.

Wa kwanza aliwekwa. Faili likaingia, likakaa katikati ya skrini, na yule askari akaendelea kuandika kwa rangi ya kijani, "Uko salama." Bwana Geti akaandika daftarini: *Amelala. Tena anatabasamu usingizini.*

Wa pili alimkamata mwizi, lakini akamkamata kila mtu. Alipiga king'ora kwa picha za harusi yetu. Kila baada ya dakika tano alidai tumnunulie toleo kubwa zaidi. Kisha akavishika vitendawili vyangu, akavifungia karantini, na mimi nikapiga ukunga mpaka jirani akagonga ukuta. Daftari likaandikwa: *Mbwa wa kubweka. Hata mwenye nyumba hamjui.*

Wa tatu alimkamata mwizi palepale, akaandika saa na mahali, akarudi kimya kwenye pembe yake.

"Huyu," mume wangu alisema, "huyu amefanya kazi kwa watu."

Akaajiriwa. Faiawoli Bwana Geti aliipanga mwenyewe, siku mbili nzima, huku binti akimwelekeza kwa simu. Alijitwika na uangalizi wa neno la siri. Flashi zote akazifungia, kwa kuwa ndizo zilizotuletea balaa. Kila programu iliyoomba kupita aliiandika daftarini: jina, saa iliyofika, shida yake. Nikamwambia, "Baba, utaichosha kompyuta." Hakunisikia. Alikuwa anapiga mluzi.

Ijumaa ikafika. Saa tano na robo nikavaa gauni langu la sherehe, maana kitabu hakitumwi na mtu aliyevaa kanga ya kupikia. Nikaandika barua pepe, nikaambatisha vitendawili vyote mia tatu, nikabonyeza kutuma.

*Imezuiwa. Wasiliana na msimamizi.*

Nikabonyeza tena. Imezuiwa. Nikachukua flashi niikimbize kwenye duka la fotokopi. Imezuiwa. Msimamizi alikuwa kwa kinyozi, na simu yake ilikuwa juu ya kabati, inachajiwa.

Nilikimbia mtaa mzima na gauni la sherehe na ndala zisizolingana, moja ya bluu, moja nyekundu. Nikamkuta kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. Nikamvuta mkono. Hakuuliza. Akaja mbio na shuka la kinyozi shingoni, linapepea nyuma yake, na kinyozi naye kasimama mlangoni ameshika mashine inayonguruma.

"Fungua!" nilimwambia tulipofika. "Saa sita kasoro dakika ishirini na tano!"

Akaketi. Akaandika neno la siri. Kisha akasita, kidole kiko hewani.

"Huu ni mzigo unaotoka," alisema. "Wezi hawaibi wakati wa kuingia, Mwalimu. Wanaiba wakati wa kutoka. Kila mzigo unaotoka lazima ufunguliwe."

"Ni vitendawili vyangu!"

"Na kule ilikuwa sabuni tu."

Akaufungua mzigo. Akasoma kwa sauti: "Anatembea juu ya nguo zangu, nanyamaza. Akisimama tu, napiga kelele." Akafikiri. Akatazama meza ya pasi. "Pasi!" Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu watoto wakiwa wadogo, shuka la kinyozi likidondosha nywele kwenye kibodi. "Nitegee kingine!"

Jamani, nifanyeje? Miaka tisa nilitaka asome, na sasa nilitaka aache. Nilikuwa nacheka, nalia, na kuitazama saa yake ya zawadi ukutani, vyote kwa pamoja.

"Mume wangu hulala mlangoni," alisoma, "nami ndani sina wivu." Akanigeukia na kichwa chake cha nusu. "Huyu ni mimi?"

"Jibu ni komeo," nilisema. Kisha nikaona kuficha hakuna maana tena. "Ila nilikitunga usiku mmoja ulipokuwa zamu. Nilikuwa nimekukumbuka."

Alibonyeza kuruhusu, na mimi nikabonyeza kutuma. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tatu. Haukupita muda mrefu, jibu la mchapishaji likaja: kimefika. Niliruka mpaka ndala ya bluu ikaenda chini ya kabati.

Nilipogeuka, Bwana Geti alikuwa ameinamia daftari. Nilisubiri amalize, nikasoma.

*Mzigo: vitendawili 300. Mwenye mzigo: mke wangu. Maoni ya mlinzi: umekaguliwa kidogo tu, kwa sababu mwenye mzigo alikuwa anapiga kelele. Mlinzi anaomba nakala ibaki ili ukaguzi uendelee.*

Uliendelea alasiri yote. Kinyozi alimmalizia kichwa Jumamosi.