Nusu ya Vidonge Vyangu

Mimi nina hasira za karibu, kijiji kizima kinajua, na siku muuguzi wa utafiti aliponiambia mjomba hafai kuingizwa kwenye utafiti wao, nilimjibu vibaya. Hafai kwa nini, si binadamu? Akanieleza taratibu kwamba ini la mjomba lina makovu mengi mno, dawa mpya haiwezi kujaribiwa kwake. Aendelee na vidonge vyake vya hospitali vya kila siku, vile vinavyotuliza virusi, na asiviache hata siku moja. Mimi ini langu lilikuwa bado zima, kwa hiyo nilifaa.

Homa ya ini B kwetu imeshuka kwa mama. Bibi aliwaachia mama yangu na mjomba, mama akaniachia mimi. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama alipofariki kwa ini hilo hilo, tumbo limejaa maji, mjomba ndiye aliyebaki na sauti juu yangu. Nina miaka arobaini na mbili, nina shamba langu la kabichi huko juu ya Mlali, lakini jambo kubwa nilikuwa silifanyi mpaka yeye aseme, "Haya."

Vidonge vyetu vya kawaida haviponyi. Unavinywa mpaka uzeeni. Utafiti ule ulikuwa unatafuta dawa ya kuumaliza ugonjwa kabisa, na nilitaka kuingia kwa udi na uvumba. Juu ya vile vya kawaida, kila mshiriki angepewa kopo la vidonge vipya, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Muuguzi alinisomea fomu mpaka mwisho: baadhi yetu tungepewa vidonge visivyo na dawa yoyote, vinavyofanana kabisa na vyenye dawa, ili walinganishe. Hata daktari hatajua nani kapewa vipi.

Nilipopanda nyumbani kuomba ruhusa, hicho kipande nilikiruka. Nilimjua mjomba. Angesema, "Ushuke mlima kila mwezi ukatolewe damu kwa ajili ya vidonge hewa? Wamekuona mjinga?" Nikamwambia ni dawa mpya, basi.

"Imeshaua mtu?" akauliza.

"Jamani mjomba! Ingekuwa inaua, wangenipa?"

Kisha akasema, "Haya."

Siku nilipoleta kopo la kwanza, alinyoosha mkono. "Cha asubuhi changu. Wewe utakunywa cha jioni."

"Hapana, mjomba. Kila mtu na vyake."

"Nani alikuruhusu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo wa kumfokea muuguzi ninao, wa kugombana na wachuuzi wa kabichi ninao, lakini kwa mjomba ukawa mzito. Kumweleza vidonge ni vya namna gani ilikuwa ni kukiri kwamba nilimdanganya. Nikampa. Nikajiambia kama ni vitupu havitamdhuru, na kama vina dawa huenda vikamsaidia. Kila asubuhi akawa anapita jikoni kwangu. Nampa shikamoo, ananijibu marahaba, kiganja kiko wazi. Nikienda kliniki kopo limekwisha kama inavyotakiwa, na muuguzi ananisifu. Nilizichukia zile sifa.

Mwezi wa tatu wa vidonge hivyo aliingia jikoni nikayaona macho yake. Njano, kama yamepakwa manjano.

"Mjomba, vile vya hospitali unavinywa?"

"Nilishaacha. Tangu ulete hivi."

Mungu wangu! Tulishuka kwa bodaboda, mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza. Kila dereva alipofunga breki niliusikia mwili wake ukinilemea. Njiani akaniambia sikioni, "Usiwaambie habari ya vidonge vyako. Watakufukuza."

Hospitali daktari aliuliza swali lile lile nililoliogopa: mzee anatumia dawa gani? Mjomba akanikazia macho. Niliona kabisa kwamba nikinyamaza nabaki kwenye utafiti, na yeye atatibiwa kwa kubahatisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikasema yote, kwa sauti, mbele ya watu, machozi yananitoka.

Wakamrudishia vidonge vyake vya zamani saa ile ile, kisha daktari wa utafiti akaitwa. Hakunifokea, na nilitamani anifokee. Alisema vidonge vikiachwa ghafla virusi hurudi kwa kishindo, na ini lenye makovu halina nguvu ya kustahimili. Akaenda kuomba siri ya kopo langu ifunguliwe. Aliporudi alinivuta pembeni ya korido.

"Vyako havikuwa na dawa," alisema.

Miezi mitatu mjomba ameacha dawa ya kweli, ananywa vitupu kutoka mkononi mwangu. Nami nilijua tangu mwanzo kwamba jambo hilo linawezekana! Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza: fomu, kipande nilichokiruka, uongo wangu. Nikangoja anilaani.

"Havikuwa na kitu kabisa?"

"Kabisa, mjomba. Vitupu."

Alitafuta pumzi. "Mwenye pombe huonja kwanza kabla hajampa mgeni," akasema. "Mimi ndiye niliyekuruhusu. Ningekuachaje uonje peke yako? Nikaacha na vile vyangu, ili kama hivi vina sumu nijue ni vyenyewe." Alinishika kiganja, mkono wake mwepesi. "Kumbe havina kitu. Afadhali. Basi wewe hujadhurika."

Alikaa wodini siku tano. Ya sita tulimpandisha mlimani kumzika.