Hoja ya Kutufukuza

Katanga ilipojitenga na Kongo, mji wetu ukiwa bado unaitwa kwa jina la malkia wa Wabelgiji, mimi nilikuwa nasomea fikra za jamii na siasa. Shahada ya kwanza nilikuwa nayo tayari. Niliitaka ya juu zaidi kwa sababu nilikuwa na kiburi, na wazazi wangu walikuwa nacho kunishinda.

Profesa wetu, Mbelgiji mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa na desturi yake: kila mwanafunzi asimame atetee fikra asiyoiamini. Alisema bila hivyo hatutaielewa. Sisi tulicheka pembeni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu anataka tuzikwe kwanza ndipo tufaulu.

Swali la muhula ule lilikuwa hili: je, dola ina haki ya kumfukuza mtu aliyezaliwa ndani yake, kwa kuwa baba yake alitoka kwingine? Profesa hakutuuliza tunaamini nini. Alitazama asili zetu, akagawa. Mimi, mtoto wa Wakasai, watu wa jimbo jirani, niliyezaliwa Sakania, hukuhuku Katanga, baba akifanya kazi ya reli, nikapewa kusema ndiyo. Rafiki yangu, Mkatanga tangu mababu, akapewa kusema hapana. Yeye alifurahi. Alisema amepewa ukweli mtupu, hana haja ya kuigiza.

Mjini mambo yalikuwa yamechacha. Vijana walikuwa wanapita nyumba za Wakasai wakivunja madirisha, na majirani zetu wengi walikwisha kuhamia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Baba hakutaka kusikia habari ya kambi.

Jioni moja rafiki yangu alikuja kwetu tujizoeze. Mama akatuandalia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Rafiki yangu akanawa, akasema hoja yake mdomo umejaa: wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi hawa waliopewa jembe, wakachimba, wakatandika reli, wakazika watoto wao hapa, ugeni wao uliisha siku ya tatu. Baba aliacha kula.

"Mwanangu," akamwambia, "vile unasema, utasema mbele yabo bote?"

"Mbele yabo bote, papa."

"Kama batoto ba hapa bangali banasema vile, sisi tutabakia. Kama hapana, tutaenda na bengine."

Nililala na furaha. Nilimpenda rafiki yule siku ile kuliko ndugu.

Siku ya semina nilizungumza wa kwanza. Nilisema dola ni nyumba, na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Nilisema kuzaliwa mahali ni bahati tu, wala si haki. Nilizijua hoja zile vizuri kwa kuwa nilikuwa nazisikia redioni kila asubuhi, nami nikazipanga vizuri kuliko redio. Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa mwenzetu ambaye mjomba wake alikuwa mkubwa katika serikali mpya. Hakupiga kwa ajili ya zoezi.

Rafiki yangu akasimama. Alimtazama yule mpiga makofi, kisha akatazama karatasi zake. Nikangoja jembe.

"Profesa," akasema kwa Kifaransa, "sina la kuongeza. Mwenzangu ametushawishi."

Akaketi. Profesa akakohoa, akanipa alama ya juu kabisa. Rafiki yangu alitoka bila kunisubiri. Aliogopa, najua, na alikuwa na mama wa kumlisha. Lakini nilikasirika, na hasira ile mpaka leo haijaisha.

Nilimkuta baba mlangoni.

"Alisema nini?"

"Alisema hana neno la kuongeza."

Baba aliingia ndani akarudi na bisibisi, akaanza kufungua bawaba za mlango, kwa maana kambini kila mtu alijijengea kwa alichobeba. Mama alikuwa akifunga vyombo ndani ya shuka. Skrubu ya mwisho ilipotoka, baba akanigeukia.

"Na weye, ulisema nini?"

"Nilisema serikali iko na haki ya kututosha hapa, kutufukuza."

"Ulisema muzuri?"

"Muzuri sana, papa."

Akainamisha mlango upande wangu.

"Basi kamata huku."